Mwanga Ukikosa pa Kwenda

Mwani wa Mlingotini, pwani ya Bagamoyo, nimeusoma kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya miguu: bahari imekupwa, maji yako magotini, kamba zimevutwa kati ya mambo yaliyopigiliwa mchangani, na jua linachoma mgongo. Ya pili ni ya chumba kisicho na dirisha, nje ya nchi, ambamo mwanga wa leza hukatwa vipande vifupi mno. Kazi yangu ni kufuatilia nishati ya mwanga ikishaingia kwenye tawi la mwani: inapita wapi, inafika lini, na isipofika inakuwa nini. Wataalamu huiita spektroskopia ya kasi ya juu. Kwetu Bagamoyo ni "ile kazi yake ya taa". Haya ni baadhi ya niliyojifunza, na sikuyapanga kwa ukubwa.

1. Anza na rangi

Mkulima akiinua tawi anajua hali yake kabla mimi sijafungua sanduku la vyombo. Spinosumu, mojawapo ya aina mbili zinazolimwa hapa, ikinona huwa na rangi nzito, ya kahawia inayokaribia wekundu au ya kijani kilichoiva. Inayoumwa hufifia, ncha zikawa nyeupe, kisha vipande vikakatika na kwenda na maji. Kotoni, aina ya pili, ina bei nzuri zaidi, ila maji yakipata joto hufa upesi, na ndiyo maana wengi pwani hii wamebaki na spinosumu. Zote mbili, hata zile zinazoonekana za kijani, ni za ukoo wa mwani mwekundu.

Kama mwani huu ungetegemea klorofili peke yake, ungeshinda njaa. Klorofili hufyonza bluu na nyekundu, kijani huiacha. Na maji ya bahari huanza kuila ile nyekundu. Basi mwani mwekundu umejiongezea rangi nyingine: fikoeritrini, inayofyonza kijani mpaka kwenye nanomita 565 hivi; fikosianini, ya karibu 620; na alofikosianini, ya karibu 650. Zimepangwa kwa zamu hiyo ndani ya umbo dogo liitwalo fikobilisomu, lililokaa juu ya utando wenye klorofili, na nishati huteremka kutoka rangi hadi rangi mpaka kwenye klorofili ya karibu 680. Mwaka 1950 Haxo na Blinks walionyesha jambo lililowashangaza wengi: mwani mwekundu hutoa oksijeni vizuri zaidi ukimulikwa kwa mwanga unaofyonzwa na fikoeritrini kuliko ule unaofyonzwa na klorofili yenyewe.

Kwetu hilo si jambo la vitabuni tu. Masika Mto Ruvu ukimwaga tope kaskazini ya mji, bluu hupotea kwanza na kinachobaki majini ni kijani kinachoelekea manjano. Mwani hauoni jua tunaloliona sisi tulio ufukweni.

2. Nishati inakimbia kwa sababu ina muda wake

Pale soko la samaki Bagamoyo, vibua wasio na barafu hupita mikono mitatu minne kutoka chomboni hadi kwenye karai la mafuta kabla jua halijapanda. Mwendo wao unatokana na samaki mwenyewe: asipofika mapema hafai. Hivyo ndivyo ilivyo nishati ndani ya mwani. Klorofili iliyofyonza mwanga, ikiwa peke yake kwenye kiyeyusho, hukaa na nishati hiyo nanosekunde tano hivi, kisha huiachia kama mng'ao mwekundu au joto. Nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na kwa molekuli hiyo ni muda mrefu.

Ndani ya mwani ulio hai hakuna anayesubiri kiasi hicho. Molekuli jirani hupokezana nishati ndani ya mamia ya femtosekunde au pikosekunde chache; pikosekunde moja ni sehemu ya elfu ya nanosekunde, na femtosekunde ni sehemu ya elfu ya pikosekunde. Mwaka 1978 George Porter, aliyekuwa ameshapata Nobeli ya kemia ya 1967 kwa kuchunguza mimenyuko ya kasi, alipima na wenzake mwani mwekundu mdogo uitwao Porphyridium cruentum. Waliona mng'ao wa fikoeritrini ukififia ndani ya pikosekunde 70 hivi, na zile rangi nyingine zikifuata kwa zamu, klorofili ikiwa ya mwisho kwenye 175 hivi. Ukilinganisha na nanosekunde mbili au tatu ambazo fikoeritrini iliyotengwa huweza kukaa, utaona kinachopotea njiani ni asilimia chache tu.

Siri ni ujirani. Mjerumani Theodor Förster alieleza miaka ya 1940 kuwa kasi ya kupokezana hushuka kwa kipeo cha sita cha umbali. Zitenganishe molekuli mara mbili ya ilivyokuwa, na kasi inabaki sehemu moja ya 64. Protini za fikobilisomu kazi yao kubwa ni kuzishika rangi mahali pake, zisisogeleane kupita kiasi wala kuachana.

3. Nusu ya hadithi inaonekana bila leza ya mamilioni

Mvua ikiunyeshea mwani uliotandazwa kwenye chanja, maji yanayochuruzika huwa ya waridi. Mkulima hununa, na ana haki, maana mwani ulionyeshewa ubora wake hushuka. Lile waridi ni fikoeritrini. Seli za mwani zikikutana na maji ya mvua hupasuka, na rangi hii, ambayo huyeyuka majini, hutoka nje.

Hapo pana somo zima la fizikia, na shule yoyote ya pwani inaweza kulifanya. Chukua tawi bichi lenye wekundu, ligandishe kwenye friza, likatekate, liloweke kwenye maji ya bomba usiku kucha, uchuje kwa kitambaa safi. Funga mapazia. Piga mwanga wa tochi ya leza ya kijani, zile zinazouzwa Kariakoo, kwenye chupa ya maji matupu yenye chembe ya maziwa: mstari utauona kijani. Sasa upige kwenye maji ya waridi. Mstari unageuka wa machungwa. (Usimruhusu mwanafunzi yeyote kuitazama tochi hiyo machoni, hata kwa utani, kuna za bei rahisi ambazo nguvu yake ni kubwa kuliko ilivyoandikwa.)

Halafu lete tawi zima, lililotoka baharini asubuhi ile, ulimulike kwa tochi ileile. Ule mng'ao wa machungwa huuoni, au unaubahatisha. Rangi ni ileile na mwanga ni uleule. Waulize wanafunzi kwa nini, kisha nyamaza. Darasa nililolifanyia jaribio hili lilibishana mpaka kengele ikapigwa, na aliyepata jibu alikuwa binti wa nyuma kabisa: kwenye chupa fikoeritrini haina wa kumpa. Kwenye tawi ina jirani anayepokea, na nishati imeshaondoka kabla haijapata nafasi ya kung'aa.

Nimesoma maelezo mengi ya uhamishaji wa nishati yaliyoandikwa na maprofesa, na sijaona lililoshinda hilo kwa ufupi.

4. Muda mfupi hupimwa kwa rula

Tochi inakuonyesha kuwa nishati imeondoka. Haikuambii imeondoka baada ya muda gani. Kifaa cha umeme cha kawaida kinachelewa mno kwa mambo ya femtosekunde 100. Ujanja wanaotumia watu wa leza ni wa kizamani kwa namna yake, nami niliupenda tangu siku ya kwanza.

Mpigo mmoja wa mwanga hugawanywa mara mbili. Wa kwanza, uitwao pampu, huamsha fikoeritrini. Wa pili hupita palepale baadaye kidogo kuchunguza nini kimebadilika. Ili uchelewe, unarefushiwa njia. Mwanga huenda milimita 0.3 kwa pikosekunde moja. Basi ukirudisha nyuma kioo kwa milimita 0.15, mpigo unasafiri kwenda na kurudi na kuchelewa pikosekunde moja kamili. Saa yenyewe, kwa hiyo, ni kioo kilichopanda juu ya reli, kinachosukumwa na skrubu. Unakaa gizani unasikia mota ikigonga tik, tik, na kila mlio ni kipande cha muda ambacho ndani yake mwanga haujamaliza hata kulivuka tawi la mwani.

Mpigo wa pili mara nyingi hufanywa uwe wa rangi zote kwa kuupitisha ndani ya kipande cha yakuti, na unapotokeza upande wa pili ni mweupe. Kwenye skrini ya kompyuta unaona pengo kwenye nanomita 565, pale fikoeritrini ilipoamshwa. Unasogeza kioo. Pengo linaanza kujaa, na lingine linafunguka kuelekea 650, kisha upande wa klorofili. Unaiona nishati ikihama. Usiku wa kwanza nilipouona mchoro huo ukijichora kwa mwani niliofungiwa kamba na shangazi yangu, sikutaka kwenda kulala.

Aliyetufungulia mlango huu kwa upande wa kemia ni Mwafrika: Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur, Misri, aliyepewa Nobeli ya 1999 kwa kuchunguza mimenyuko kwa femtosekunde. Na leza zenye mipigo mifupi na yenye nguvu zinatokana na mbinu ya Donna Strickland na Gérard Mourou ya mwaka 1985: unaurefusha mpigo, unaukuza, kisha unaubana tena. Nobeli yao ilikuja 2018.

5. Mwanga mwingi hudanganya

Miaka ya mwanzo ya 1970 watu walipoanza kupima usanisinuru kwa leza za pikosekunde, walipata muda mfupi kuliko ilivyotarajiwa, na kila maabara ilikuwa na jibu lake. Chanzo kilikuja kujulikana: mipigo ilikuwa mikali mno. Nishati mbili zikiingizwa kwa pamoja ndani ya antena moja, yaani kundi moja la rangi zinazokusanya mwanga, hukutana, na moja huishia kuwa joto. Mpimaji anaona nishati inatoweka upesi na kudhani mmea una kasi, kumbe ni leza yake inayoziangamiza.

Dawa ni rahisi na inachosha. Punguza nguvu kwa nusu, pima tena. Punguza tena, pima tena. Muda ukiwa unabadilika kila upunguzapo, unachokipima bado ni leza. Ukitulia, sasa unapima mwani. Karatasi ya utafiti isiyoonyesha hatua hii naisoma huku nimenyanyua nyusi.

6. Neno kubwa lisikutangulie

Mwaka 2007 kundi la Graham Fleming huko Berkeley, Marekani, lilichapisha mawimbi yaliyoonekana ndani ya protini ya bakteria wa kijani iliyopozwa mpaka nyuzi 196 chini ya sifuri. Yalidumu zaidi ya femtosekunde 600. Tafsiri ilikuwa kwamba nishati husafiri kama wimbi la kikwantamu linalopitia njia nyingi kwa pamoja. Mwaka 2010 kundi la Gregory Scholes, Kanada, likaona mawimbi ya aina hiyo kwa joto la kawaida kwenye mwani mdogo wa baharini wenye rangi za jamii ya hizi za mwani wetu. Magazeti yakaandika kuwa mimea ni kompyuta za kwantamu.

Ilichukua muongo mzima kuituliza habari hiyo. Mwaka 2020 watafiti wengi waliandika kwa pamoja katika Science Advances kuwa mawimbi yale ya muda mrefu yanatokana hasa na mitikisiko ya molekuli zenyewe, na kwamba wimbi la nishati kati ya molekuli hufa mapema mno kuweza kuisaidia safari. Kwantamu ipo, kama ilivyo ndani ya kila molekuli. Haifanyi ule muujiza ulioandikwa. Mimi napenda hadithi hii kuliko ile ya kwanza. Vipimo vya 2007 vilikuwa vizuri, na tafsiri ikarekebishwa na watu walewale wa fani, hadharani.

Bado naulizwa kuhusu kompyuta za kwantamu kila nikitoa mada.

7. Mwani haupendi kusafiri

Tawi likikaa gizani kwenye mfuko siku mbili si tawi lile lililotoka Mlingotini. Maji ya chumvi yabadilishwe, joto lisipande, na kabla ya kupima liachwe lipumzike kwenye mwanga hafifu. Ndiyo maana nafurahi kuona kuwa safari inafupika. Chuo Kikuu cha Pretoria kina kundi la Tjaart Krüger linalochunguza antena za usanisinuru, fikobilisomu zikiwemo, mpaka molekuli mojamoja, na Kituo cha Leza cha Afrika, kilichoanza 2003, kina ofisi jiji hilohilo. Mwanafunzi wa Dar es Salaam hana tena ulazima wa kuvuka ikweta.

8. Swali la maana linaulizwa bahari ikikupwa

Pwani yetu ina tabia moja ambayo mtu wa maabara za Ulaya hawezi kuifikiria. Maji ya bamvua hukupwa sana kati ya saa nne na saa sita, mchana na usiku. Maana yake ni kwamba siku ambazo mwani unafunikwa na maji machache kuliko siku zote ndizo ambazo maji hayo machache yanakuja jua likiwa karibu na utosi. Mwani uliojengewa antena ya kukusanya mwanga hafifu wa kijani unamiminiwa jua zima, ndani ya maji yaliyopata joto.

Antena haijui kukataa. Inaendelea kukusanya na kupeleka kwa kasi ileile ya pikosekunde, ila kitovu cha mmenyuko kule mwisho, panapotumika nishati hiyo, kinafanya kazi kwa milisekunde, mamilioni ya mara polepole zaidi. Nishati ikikosa pa kwenda, huanza kuunguza. Mwaka 1995 Matern Mtolera, wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, alichapisha na wenzake, akiwemo Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuwa spinosumu ikipata mwanga mkali na maji ambayo pH yake imepanda hutoa haidrojeni peroksidi kwa wingi, kiasi cha kujidhuru yenyewe. Ni dawa ileile ya kusafishia vidonda, mwani unaitengeneza mwilini mwake.

Mwani una njia zake za kujikinga. Mojawapo iliyoonekana kwenye mwani mwekundu ni kulegeza muungano ndani ya fikobilisomu: fikoeritrini inaachana na jirani yake, nishati haiendi mbele, inatoka kama mng'ao au joto. Hapo ndipo upigaji picha wa kasi unaponifaa. Kuna hadubini ambayo kila nukta ya picha haionyeshi wingi wa mng'ao bali muda wake. Tawi zima kwenye picha hiyo ni la rangi moja, muda mfupi kila mahali. Tawi lililotoka jua la bamvua linaonyesha mabaka karibu na ncha, mahali ambapo mng'ao wa fikoeritrini umechelewa kuzimika, na kwa macho ncha zile bado ni nyekundu kabisa. Ni yaleyale maji ya waridi ya kwenye chupa, safari hii ndani ya seli, kabla weupe haujajitokeza.

Hadubini hiyo haiingii majini. Kinachoingia ni kipimo cha mng'ao kiitwacho PAM, alichokibuni Ulrich Schreiber, Ujerumani, miaka ya 1980, na ambacho kina toleo la kupiga nacho mbizi. Watafiti wa Sweden na Israeli pamoja na wenzao wa Zanzibar walikuwa wakikitumia kwenye nyasi bahari za visiwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kinatoa namba moja: sehemu ya mwanga inayotumika. Jani la mwembe lenye afya hukaribia 0.8; mwani mwekundu hukaa chini ya hapo, na mimi nikiona 0.5 au zaidi alfajiri naridhika. Mchana wa bamvua namba hushuka kila mahali. Cha kutazama ni jioni. Nilipopima, namba za kamba za maji marefu zilipanda tena. Za ukingoni zilibaki chini, na asubuhi yake bado zilikuwa chini.

Nilipomwonyesha shangazi mchoro wa namba hizo, nikiwa nimeanza na shikamoo, aliitikia marahaba na kuutazama mchoro kwa heshima.

"Baba," akasema, "hizi za ukingoni mimi nimeshasema haziishi. Sasa mashine yako inaniambia nizipeleke wapi?"

Jibu lipo na halikutoka kwangu. Flower Msuya na wenzake walishajaribu palepale Mlingotini kamba zinazoelea kwenye maji marefu, mahali ambapo mwani hauachwi mtupu bahari ikikupwa. Vipimo vyangu vinaeleza kwa nini njia ile inafaa, na vinaweza kusema ni kina gani kinatosha. Lakini maji marefu yanataka chombo, na wakulima walio wengi ni wanawake ambao hawakufundishwa kuogelea. Shangazi alinihesabia bei ya ngalawa, ya nanga, ya maboya na ya kamba, akaongeza kuwa mnunuzi analipa spinosumu bei ileile iwe imetoka maji mafupi au marefu. Kikundi chao kimeamua kuanza na kamba chache za kuelea karibu na mkondo, na kutafuta mtu wa kuwafundisha kuogelea kabla ya kununua chombo. Mimi nimepewa kazi ya kupima kina.